Farasi wa ranchera: mweupe au mweusi tii?

Ukitaka kulia na farasi wa ranchera, nyimbo za kienyeji za Mexico, anza na wimbo "Caballo prieto azabache" (farasi mweusi tii). Askari wa Pancho Villa, jenerali wa Mapinduzi ya Mexico, wamemkamata msimuliaji, hukumu ni kupigwa risasi. Akiulizwa ombi la mwisho, anasema afe akiwa juu ya farasi wake. Wanampandisha. Farasi anasubiri amri, kisha anawarukia wenye bunduki na kumtorosha bwana wake, mwenyewe akiwa na risasi tatu za bunduki aina ya mauser mwilini. Bwana anapona, mnyama anakufa, na wimbo mzima unaimbwa kwa huyo marehemu.

Wimbo "El caballo blanco" (farasi mweupe) wa mtunzi José Alfredo Jiménez hauna risasi. Mweupe huyu anaondoka mji wa Guadalajara Jumapili, bila tandiko. Mjini Los Mochis anakaribia kuanguka, mdomo unavuja damu. Katika jimbo la Sonora anachechemea mguu wa kushoto. Hakubali kulala mpaka auone mji wa Ensenada. (Wengi husema farasi huyo alikuwa gari!)

Kwangu mweusi anashinda: huyo anadaiwa na bwana wake deni lisilolipika... mweupe ana uchovu tu. Ila kwa kuimba kwa sauti safarini, mpe mweupe. Miji yake inapangika yenyewe kinywani.