Draisuti ya kwanza: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Kama ulijifunzia kuzamia Zanzibar au Mafia na wetisuti yako (suti ya mpira inayoingiza maji) ya mm 3, halafu maisha yakakutupa Uingereza au Norway, utajua fasta kwanini wenyeji wanavaa draisuti, yaani suti ya kuzamia isiyoingiza maji. Silfra, ufa wa kuzamia kule Iceland, maji ni nyuzi 2 mpaka 4 mwaka mzima, huko huruhusiwi kuzamia bila hiyo.

Namba moja kwangu ni trilamineti. Kitambaa cha tabaka tatu, la katikati mpira. Yenyewe haina joto lolote, joto ni la nguo unazovaa ndani, na hapo ndo raha yake maana maji ya nyuzi 14 unavaa nyepesi, ya nyuzi 4 unavaa nzito, suti ni ileile. Inakauka haraka, inakunjika begini. Ubaya haivutiki, ukikosea saizi imekula kwako.

Namba mbili, neoprini (mpira wenye vipovu vya hewa ndani) iliyoshindiliwa, mfano Scubapro Everdry 4. Inavutika, inakaa vizuri mwilini, ina kajoto kake, ila nzito na kukauka ni shughuli.

Namba tatu ile neoprini nene ya kawaida ya mm 7. Wengi wanaikimbilia kwa bei, sawa, ila imejaa vipovu vya hewa, ukishuka mita 20 vinaminywa na joto linaondoka kule kule unakolihitaji, na kabla ya hapo ushabeba vipande vya risasi vya uzito kibao kiunoni ili tu uzame.

Zile za mpira mzito kama za chapa ya Viking waachie wanaozamia kwenye maji machafu kikazi, zinasafishika vizuri lakini wewe za nini.

Sasa kujaribu. Nenda dukani na nguo za ndani utakazotumia, sio na tisheti, chuchumaa, kisha peleka mkono nyuma kama unafungua mtungi wa hewa mgongoni. Ikibana makwapani au mapajani, rudisha hata kama imepunguzwa bei nusu.

Mpira wa shingoni na mikononi ndo unaozuia maji, uangalie kuliko rangi ya suti. Lateksi ni laini na ya bei nafuu ila inachanika, na adui yake ni mafuta, kwahiyo kama una rasta au umesuka na unapaka mafuta ya nazi au Vaseline kila asubuhi, hiyo lateksi itaoza mapema. Kuivaa tumia poda, na hakikisha hakuna unywele uliobaki chini ya mpira, hata mmoja unavujisha. Ikikubana shingo inakatwa pete moja moja (mistari ya duara kwenye mpira), usiwe na haraka, ukikata sana hairudi. Mwenye hela achukue silikoni ya kubadilishika, ikichanika unaweka nyingine mwenyewe.

Zipu: ya mgongoni lazima mtu akufungie, ya mbele unafunga mwenyewe. Ukinunua mtumba anza na zipu, ipinde taratibu uone kama kitambaa kando ya meno kimepasuka, kuibadilisha ni gharama inayoweza kufuta unafuu wote.

Na usimalize hela yote kwenye suti. Bakiza ya nguo ya ndani (pamba hapana, ikilowa inakugandisha) na ya kozi ya draisuti, maana hewa iliyo ndani ya suti ikikimbilia miguuni unapinduka kichwa chini na kupaa juu bila kutaka, na kujigeuza unajifunzia kwenye bwawa na mwalimu.