Fundi wa kuhamisha kanda za deki pale Majengo: kazi safi, ila alimnenepesha Hoggle

Wenye kanda za zamani za deki makabatini hii inawahusu. Kuna fundi mmoja hapa Dodoma mjini, kibanda chake kiko karibu na soko la Majengo, nje kabandika karatasi tu TUNAHAMISHA KANDA KWENDA FLASHI, anachaji elfu kumi kwa kanda na flashi unakuja nayo mwenyewe. Nimempelekea moja wiki mbili zilizopita, mengi mazuri, ila kuna moja lilinipandisha presha ntalisema.

Kanda yenyewe ya mjomba. Alisoma Uingereza miaka ya 80 akarudi na deki na begi la kanda alizorekodi kwenye TV za huko, na huku Bara mpaka 1994 hatukuwa na stesheni yetu hata moja, kwa hiyo TV ya mjomba pale Chang'ombe ya hukuhuku Dodoma kazi yake ilikuwa kanda tu, tunarudia mpaka tunajua nani ataanguka saa ngapi. Tuliyoipenda kuliko zote ni Labyrinth ya 1986, ile ya binti anamfuata mdogo wake aliyechukuliwa na mfalme wa vibwengo, mfalme mwenyewe David Bowie na yale manywele yake. Kiingereza hatukijui na hatujali. Bibi akipita sebuleni anasema zimeni hayo mashetani, halafu anavuta kigoda anaangalia mpaka mwisho.

Sasa fundi. Nilimpenda kwa sababu hakuitumbukiza kanda kwenye deki hapohapo. Kafungua kile kifuniko cha mbele, kamulika na tochi ya simu, akanionyesha vumbi lilivyoganda kwenye ukingo wa utepe, akasema za Dar na Tanga zinakuja na ukungu mweupe sababu ya unyevu, zetu za huku ukungu hamna ila vumbi ndo balaa, likifika kwenye kichwa cha deki picha inakuwa chengachenga na utepe unakwaruzika. Akafungua zile skrubu tano za chini, akapuliza, akafuta kichwa cha deki kwa spiriti, ndo akaweka. Na msiende na haraka zenu, hii kazi haina shotikati, kanda ya masaa matatu inachezwa masaa matatu, kompyuta inapokea kinachopita tu, umeme ukikata mnaanza upya.

Haya, presha. Nimechukua flashi, nafika home nachomeka, Hoggle kanenepa! Yule kibwengo mzee mwenye pua kubwa, sura imetandazwa kama chapati. Video za zamani ni za TV ya kisanduku, yeye kaivuta ijae skrini pana, na watu wote wamekuwa wafupi wapana. Mbaya zaidi imekata pale majina yanapoanza kupanda. Nampigia, kaka mbona imeishia hapa, ananijibu dada si muvi imeisha, huko mbele ni watu wanaongeaongea tu.

Hao watu wanaongeaongea ndo nilikuwa nawafuata!! Mjomba alirekodi pia ile filamu ya jinsi Labyrinth ilivyotengenezwa, na sisi utotoni tukifika hapo tulikuwa tunarudisha kanda mwanzo. Nikarudi Majengo, na sifa yake nampa, hakubisha, kairudia yote bila kuongeza hela, picha ikawa ya kisanduku na mweusi pembeni kama inavyotakiwa.

Jamani mi nilikaa nayo usiku mzima. Kumbe ndani ya Hoggle kuna mwanamke mfupi anaitwa Shari Weiser, yeye anatembea na kutikisa mikono tu. Uso una mota ndogo 18, na wanaouchezesha ni watu wanne wengine wako pembeni na rimoti, mmoja wao Brian Henson mtoto wa Jim Henson aliyeiongoza hiyo filamu, ndo mwenye sauti ya Hoggle pia. Watu watano wanatengeneza kisirani cha kibwengo mmoja, mmoja akichelewa kidogo tu mdomo unaachana na kichwa, fikiria mnavyoshindwa kupiga makofi pamoja kwenye vikundi vya kina mama. Na yule mtoto mchanga analia lia mle ni Toby, mtoto wa Brian Froud, mchoraji aliyebuni hao vibwengo.

Ila lililonimaliza ni zile gololi kubwa za kioo anazochezea mfalme mkononi. Miaka yote naamini Bowie ndo anazizungusha vidoleni. Wapi! Kuna jamaa anaitwa Michael Moschen, kajikunja nyuma ya Bowie, kapitisha mkono wake mahali pa mkono wa Bowie, na haoni chochote, anazizungusha kwa kuhisi tu. Nilirudisha hapo mara nne. Ukishajua unaanza kuona huo mkono umekaa upandeupande.

Na kazi yote hiyo sinema ilibuma, iligharimu kama dola milioni 25 ikaingiza Marekani kama milioni 12 na ushee, Henson akafariki 1990. Hoggle mwenyewe baadaye alipotelea safarini kwenye mizigo, akaishia Alabama kwenye duka la mabegi yasiyo na mwenyewe, na ndo yuko huko mpaka leo watu wanaenda kumtazama. Hili halimo kwenye kanda, nimeliperuzi mwenyewe.

Turudi kwa fundi. Sauti katoa safi, rangi zimepauka ila hiyo ni kanda sio yeye. Nampa nyota nne kwa tano, ya tano kaila Hoggle mnene. Mkienda mwambieni kabisa kabla hajaanza: usivute picha, na usikate mpaka utepe uishe wenyewe. Nendeni asubuhi, mchana jua linapiga kile kibanda cha bati hamna pa kukaa.

Wanangu sasa hivi hawashikiki. Mkubwa anasimama kavaa kanga yangu kama joho, mdogo yuko nyuma kapenyeza mkono kwapani kwa kaka yake anazungusha ndimu. Mpaka jana zimeshaingia uvunguni sita, na mchuzi umeliwa hivyohivyo.