Sisti ya mzizi na keratosisti: ipi hukua kwa kasi?
Sisti ni kifuko kinachoota ndani ya taya. Kwenye eksirei aina zote mbili ni doa jeusi tayani, na mgonjwa wa Wete au Mkoani, kule Pemba, huambiwa tu ana uvimbe maji. Tofauti imo kwenye utando wa ndani ya kifuko.

Sisti ya mzizi huchochewa na jino lililokufa. Likitibiwa au kung'olewa na kifuko kikakwanguliwa, kwa kawaida hairudi. Keratosisti ndiyo yenye kasi: hujikuzia yenyewe. Utando wake ni mwembamba, safu 6 hadi 8 za seli, na kipimo cha Ki-67 (protini iliyomo kwenye seli zinazogawanyika) huonesha seli nyingi zikigawanyika, hasa juu ya safu ya chini kabisa. Utando ukichanika, kipande kilichobaki huota tena, basi mfuatilie mgonjwa angalau miaka 5.

Usitupe kifuko, kipimwe maabara kijulikane ni kipi! Kitie chote kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, iwe mara kumi ya ujazo wa kifuko.