Mashauriano na daktari kwa video tukiwa Katuba: uzoefu wangu

Mama yangu anaishi nasi hapa Katuba, Lubumbashi, na ana shinikizo la damu. Miguu yake ilipoanza kuvimba, tuliomba mashauriano kwa video na daktari aliyeko Kinshasa. Programu yenyewe haikutusumbua. Ninalotaka kulipima hapa ni namna madaktari walivyozungumza na mgonjwa.

Daktari wa kwanza alimsalimu Mama kwa heshima, akamuuliza kama anaridhia niwepo, kisha akaniomba tumgeuze aelekee dirishani ili uso wake uonekane vizuri. Kwa kuwa sauti hufika ikiwa imechelewa kidogo, alingoja Mama amalize kabisa ndipo aseme, na katika kungojewa huko Mama akaeleza kwamba viatu humbana zaidi jioni kuliko asubuhi, jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelisikia. Hakuweza kumgusa, hivyo alinielekeza nibonyeze kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, nihesabu taratibu, niachie, kisha nisogeze simu karibu. Kishimo kilibaki, naye akakiona. Akamuuliza kama pumzi humpungukia alalapo chali na kama siku hizi anahitaji mito mingi zaidi. Halafu akaomba dawa zote zioneshwe moja moja, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba amlodipini, dawa yake ya presha, ilikuwa imepandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Alieleza kwamba dawa hiyo yenyewe huweza kuvimbisha miguu, hasa dozi ikiwa kubwa, lakini kwamba figo na moyo visipuuzwe. Akaagiza vipimo vya damu na mkojo, na akamkataza Mama kuiacha dawa kwa uamuzi wake. Mwishoni alisema, «Mama, hebu nieleze wewe sasa, kesho asubuhi utafanya nini?» Mama alipokosea, alimsahihisha kwa upole.

Daktari mwingine, aliyetupokea tulipoleta majibu ya vipimo, alinivunja moyo. Alitazama maandishi yake muda wote, akazungumza nami kwa Kifaransa kana kwamba Mama hayupo, na mtandao ulipokatika kisha ukarudi, aliendelea bila kuuliza tuliishia kusikia wapi. Majibu yalikuwa mazuri, lakini mwenye ugonjwa hakuambiwa. Nililazimika kumweleza mimi. Wenye huduma hii wanalipwa kwa mazungumzo, na mazungumzo ndiyo tuliyoyakosa siku hiyo.

Nitaitumia tena kwa ufuatiliaji, nikimwomba daktari yule wa kwanza, ila maumivu ya kifua au kukosa pumzi ghafla ni mambo ya kukimbilia hospitali. Anayetaka kujaribu akumbuke kwamba saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, achaji simu mapema kwa kuwa umeme hauna ahadi, na amketishe mgonjwa atulie dakika 5, mgongo umeegemezwa na mkono uko usawa wa moyo, kabla ya kupima presha, maana daktari wa mbali ataamua dozi kwa namba hizo.