Siku Moja Ziwa Magadi: Mwongozaji Anastahili Nauli, Kijitabu Hakistahili

Safari hii ya kutwa kutoka Nairobi hadi Ziwa Magadi hutangazwa kuwa ni ya kujifunza viumbe wanaoishi pasipokalika. Kwa kuwa sijawahi kuona kampuni ya utalii ikiuza mnyama asiyeonekana kwa macho, nililipa bila kusita. Tuliahidiwa kuondoka saa kumi na mbili alfajiri. Gari likaja saa mbili na nusu, nasi tukafika ziwani jua likiwa la utosi, katika bonde ambalo hata kivuli cha mgunga ni cha kugombewa.

Mwongozaji, kijana aliyekulia Magadi mjini, ndiye aliyeiokoa siku. Hakuanza na heroe. Alitupeleka kwanza kwenye ukingo ambako maji mazito ya magadi yamekuwa mekundu kama sharubati ya rozela, akachovya karatasi ya kupimia pH, ikageuka zambarau, maana yake ni kwamba maji yale yamepita kipimo cha 10, yaani yana alkali kali. Wekundu huo, alieleza, si kutu wala udongo, bali ni arkea, kundi la viumbe wa seli moja ambalo wanasayansi Carl Woese na George Fox walionyesha mwaka 1977 kuwa si bakteria, ingawa kwa hadubini ya kawaida huwezi kuwatofautisha. Rangi yao ni ya jamii moja na ile ya karoti, nayo huwakinga na jua kali. Kisha akauliza nani katika sisi anatoka Pwani na amewahi kuona ng'onda akipiga wekundu baada ya kuwekwa penye unyevu. Niliinua mkono. Miaka yote nilidhani ile ni chumvi iliyochacha, kumbe ni ndugu wa hawa wa Magadi, waliosafiri ndani ya chumvi yenyewe.

Alilolieleza vizuri zaidi ni namna wanavyostahimili. Hawaizuii chumvi kwa ukuta. Hujaza potasiamu ndani ya seli hadi ukolezi wa ndani ulingane na wa nje, na protini zao zimezoea hali hiyo kiasi kwamba ukiwatia katika maji ya bomba hupasuka. Mama mmoja aliyekuwa nasi akauliza kama tunawala, maana magadi ndiyo hutiwa kwenye maharage yaive upesi. Akajibiwa kwamba chungu kinachochemka, chenye maji matamu, huwamaliza kwa njia mbili.

Kijitabu kinachouzwa shilingi 500 garini ni habari nyingine. Kinawaita hawa wote "bakteria wekundu", na hata arkea aitwaye Natronobacterium gregoryi, aliyepatikana katika ziwa hili hili na kuelezwa kitaalamu mwaka 1984, kinamweka kwenye bakteria, pengine kwa kudanganywa na jina lake. Kosa hilo naweza kulisamehe. Lisilosameheka ni sentensi isemayo kwamba katika maji ya moto ya Magadi "hakuna samaki awezaye kuishi", ilhali perege mdogo wa ziwa hili, Alcolapia grahami, anaogelea katika vidimbwi vinavyofika nyuzi joto 40, akitoa taka zake kama urea, kwa sababu amonia haitoki mwilini kwa urahisi katika maji yenye alkali kali kama hayo.

Kwenye chemchemi za moto za kusini tulipewa dakika ishirini tu kwa sababu ya ule uchelewaji wa asubuhi. Chakula kilikuwa chapati na maharage, si haba.

Ukienda, muulizie mwongozaji huyo kabla ya kulipa, udai saa ya kuondoka iandikwe kwenye risiti, na usivae viatu vya ngozi. Vyangu vimepauka, na hakuna rangi ya viatu iliyovirudisha.