Nimenunua bagi la kampuni ya matrekta, belti ikakatika mlimani, kaunta wakaniambia "la kuchezea litasubiri"

Wakuu, ngoja niandike hili hasira zikiwa bado za moto maana zikipoa nitaanza kuwatetea, najijua. Nimenunua bagi, yale magari madogo ya wazi ya kupandia vilima na kupita matopeni, mnakaa wawili ubavu kwa ubavu, na nimelinunua kwa kampuni ya matrekta. Jina siitaji, na rangi siisemi kabisa maana nikisema rangi tu nimeshataja jina. Ukubwa wa injini, bei, sijui linakimbia kiasi gani, hayo kaangalieni wenyewe. Mimi nataka kuongea habari za yule bwana wa kaunta ya spea.

Niko Minnesota, Marekani, nje kidogo ya mji, kuna miti nyuma ya nyumba na pande zilizobaki ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Ukikaa huku lazima haya magari yakuambukize, maana ndiko kwao. Polaris, kampuni kubwa ya kutengeneza haya magari, walianzia Roseau, mji mdogo kule juu karibu na mpaka wa Kanada, washindani wao Arctic Cat wakaibukia Thief River Falls, hukuhuku Minnesota, na Edgar Hetteen aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Polaris ndiye huyohuyo aliyetoka akaenda kuanzisha Arctic Cat. Halafu hao Polaris mwanzo wao ulikuwa karakana ya kutengeneza vifaa vya shamba! Kwa hiyo muuzaji aliponiambia "sisi ni watu wa shamba, chuma tunakijua" nikamwelewa vizuri tu. Nikasema kama wale walitoka shambani wakafika walipofika, hawa washindwe kwa lipi?

Na muuzaji mwenyewe, jamani, mtu mzuri. Kanipa kahawa, kanipa kofia yenye nembo, kanipa kijitabu cha picha ambacho mpaka leo ninacho. Humo ndani ni vijana watupu, helmeti za kung'aa, bagi liko hewani matairi yote manne hayagusi chini, mchanga umetimka nyuma. Hakuna hata picha moja ya mtu amebeba majani ya ng'ombe. Nikasaini.

Miezi ya kwanza sina la kusema. Linavuta kuni, linabeba mawe, watoto wanagombania kiti cha mbele, mama watoto aliyekuwa amenuna kwa ajili ya hela akaanza kuliendesha yeye kwenda kuchukua barua kule barabarani. Stelingi nzito kidogo, ndiyo, na kelele ipo, lakini ukiligusa unaona kabisa hili dude limetengenezwa na watu waliozoea kutengeneza vitu vya kupigwa nyundo.

Sasa kuna sehemu inaitwa Gilbert, kaskazini huko kwenye eneo la migodi ya zamani ya chuma, jimbo wamepageuza kuwa mahali pa kuchezea magari haya na pikipiki za porini. Udongo wake mwekundu, ukitoka pale unaonekana kama umeshuka kwenye basi la Karatu wakati wa kiangazi. Tukaenda mimi na shemeji yangu, Jumamosi moja hivi mwishoni mwa joto, mavuno ndiyo yanaanza. Kilima chenyewe wala si kile cha kutisha, cha kati tu, nimeweka gia ya chini kama walivyoelekeza, tunapanda taratibu, mara harufu ya mpira unaoungua, shemeji ananiangalia, namwambia hiyo ya wale walio mbele yetu. Paa! Injini inanguruma kwa nguvu zote na bagi haliendi popote, halafu likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki mpaka goti likauma, shemeji kashika ule mhimili wa juu kwa mikono miwili anasali kwa kilugha.

Kwa wasiojua, mengi ya haya hayana giaboksi kama ya gari la kawaida, kuna belti moja pana inazunguka kati ya klachi mbili zinazobana na kuachia, mwendo wote unategemea hiyo belti, ikikatika huna gari. Na hukatika, hata za wenye majina makubwa kwenye huu mchezo hukatika, ndiyo maana watu wanatembea na belti ya akiba. Likatukuta kundi la vijana, mmoja akasimama akauliza kama trekta limegoma kulima, wenzake wakacheka mpaka nami nikacheka, kisha wakatoa kamba wakatuvuta mpaka chini. Nikawaambia belti ya akiba ninayo. Wakainama kuangalia, wakaniuliza sasa tunaipitishia wapi? Maana kuifikia ni mpaka utoe tairi la nyuma, utoe na mfuniko wenye boliti kila kona, na moja ya hizo boliti iko mahali ambapo mkono wa binadamu hauingii. Wao kwenye lao ni vibanio tu, dakika kumi umeondoka. Hapo ndipo nilipoanza kupata wasiwasi kwamba aliyelichora hili bagi alijua litakatikia belti uani kwa mtu mwenye gereji kamili. Lakini bado sikukasirika, nawaambia ukweli, nilirudi nyumbani bagi likiwa kwenye trela na roho imetulia.

Hasira zilianza Jumatatu. Kaunta yao ya spea ina kalenda ya mashine za kumwaga samadi, ina glovu za ngozi zimening'inizwa, na nyuma yake kuna bwana wa ndevu za kijivu, miwani kaifunga kamba shingoni. Nikaweka ile belti mbele yake, imechanika, nyuzi zimetoka kama mkia. Hakuigusa. Hakuvaa hata ile miwani. Akaniuliza, "La kazi au la kuchezea?"

Nikamwambia yote mawili.

"Jumamosi lilikuwa linafanya kazi gani?"

Nikamwambia tulikuwa Gilbert. Akasema, "Basi la kuchezea. Litasubiri." Kaandika kitu kwenye karatasi, kaisukumia kwenye kikapu ambacho kilikuwa na karatasi nyingine nyingi, za juu zimeshaanza kuwa za njano. Na hajamaliza hata kuisukuma simu ikalia, nikasikia sauti ya mtu anapiga kelele upande wa pili, kombaini, ile mashine ya kuvunia, imezimika katikati ya shamba la soya. Wakuu, yule mzee aliruka! Spea ilitoka shelfuni kabla simu haijakatwa, akamwita fundi kwa jina, gari la mafundi likatoka getini na mlango wa nyuma bado unapigapiga. Akarudi, akaniona bado nimesimama, akaniuliza kama kuna kingine nahitaji.

Sasa hapa nataka niwe mkweli kwa sababu sitaki mtu aje aniambie sijui kilimo. Namwelewa. Mavuno huku ni wiki chache tu, theluji ikiwahi zile soya zinabaki shambani, na kombaini moja ni bei ya nyumba ya mtu. Ningekuwa mimi niliyekwama pale shambani ningetaka yule bwana aruke hivyohivyo, na angechelewa ningemtukana. Sina ugomvi na foleni. Ninachouliza ni hiki, siku ile nasaini mbona hakuna aliyeniuliza la kazi au la kuchezea? Siku ile hela yangu haikuwa ya kuchezea? Mnaniuzia picha ya vijana wanaoruka hewani, nikienda kuruka mnaniambia umeruka wa nini.

Na iliyoniuma kuliko zote ni hii. Jirani yangu ni mzee mmoja mkulima, familia yake inanunua kwa hawahawa tangu enzi za baba yake. Nikamsimulia tukiwa ukingoni mwa shamba lake, hakusema kitu, akatoa simu mfukoni akawapigia, akaongea habari za hali ya hewa kwanza, za mjukuu wa mtu, halafu mwishoni kabisa akasema na lile bagi la jirani yangu. Kesho yake nikapigiwa simu kwamba nilipeleke. Kesho yake! Kwa hiyo fundi alikuwepo, nafasi ilikuwepo, aliyekosekana ni mimi.

Mzee akaniambia nisishangae, hii ndiyo tabia ya watu wa matrekta, starehe wanaiingia mguu mmoja. Akanipeleka ghalani kwake kunionyesha pikipiki ya theluji ya John Deere, hao wa matrekta, ya miaka ya 1970, ya kijani, ameifunika turubai. Zilitamba kweli zile, hata ule msemo wao maarufu wa kwamba hakuna kinachokimbia kama Deere ulianzia kwenye hizo pikipiki, si kwenye trekta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaachana nazo, na mzee tangu hapo spea anaokoteza kwenye minada. Baadaye miaka ya 2000 wakaleta kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne, zinaitwa Buck, kumbe zinatengenezwa na Bombardier wa Kanada, nazo zikaishia. Massey Ferguson, nao watu wa matrekta, waliwahi kuuza kwadi zilizotengenezwa na Arctic Cat. Mahindra, watu wa matrekta wa India ambao wamekuwa wakiunda magari ya mtindo wa Jeep huko kwao tangu 1947, walikuja na gari la porini linaitwa Roxor mwaka 2018 wakiliunganishia Michigan, wenye Jeep wakawashtaki kwamba wameiga sura, ikabidi walibadilishe uso. Lakini angalia Gator la John Deere, ambalo lilianza miaka ya 1990 kama kigari cha kazi cha kubebea udongo na vifaa, lipo mpaka kesho. Mzee anasema vya kubeba mzigo ndivyo hawaviachi. Langu mimi ni la nani kati ya hao, au kama hata yumo, msiniulize.

Basi wakaweka belti mpya, nikalipa, maana waranti haihusu belti, eti ni kitu cha kuchakaa. Sawa. Haikuchukua muda ile harufu ikarudi, na safari hii nilikuwa navuta kuni nyumbani, sijaenda Gilbert wala wapi, yaani la kazi kabisa! Nikalirudisha. Likakaa uani kwao. Nikawa nikipita naliona, limeegeshwa katikati ya mashine mbili za samadi, hawajalifunika, mpaka theluji ya kwanza ikalikuta pale ikajaa kwenye viti. Nilipiga picha. Mama watoto anasema niifute hiyo picha naharibu usingizi wangu.

Alipokuja kulifungua fundi kijana, mpole, mwenye adabu, akanionyesha kwa tochi uso wa klachi ya nyuma, una mkwaruzo kama umepigwa patasi, akasema hii imetoka hivi kiwandani, ingekula belti zote utakazoweka. Wakabadilisha klachi kwa waranti. Nikamshika mkono yule kijana. Nikasema basi, yamekwisha.

Na kwa kweli baridi ilipoingia nilikuwa tayari kufuta maneno yangu yote. Kuna asubuhi moja ilifika huko chini ya ishirini na tano hasi, magari ya majirani yanakohoa tu, bagi nimegeuza ufunguo likawaka kama hakuna kilichotokea. Nimelifunga koleo la theluji mbele, nikasafisha kwangu, nikasafisha kwa mzee, nikaenda mpaka kwa yule mama mjane wa kona, linasukuma rundo zito wala haliteteleki. Siku ile ungeniuliza ningekwambia nunua, uza hata kochi ununue. Nilikuwa nalipigapiga dashibodi kama mtoto aliyefaulu.

Halafu ikaja bahasha. Ankara. Klachi ya waranti, ndiyo, bure, ila kuna gharama ya uchunguzi, yaani wananitoza hela kwa kugundua kwamba kiwanda chao kilikosea! Nikaenda. Kaunta ileile, ndevu zilezile. Safari hii miwani aliivaa, akaisoma ankara yote kimyakimya, akasema ningekuwa na akaunti ya shamba wangeweza kunifutia. Nikamwambia sina shamba. Akasema, "Najua."

Najua! Mpaka leo nikioga naikumbuka ile "najua."

Kwa hiyo ukiniuliza kama ununue, sijui nikwambie nini. Mashine nzuri, narudia, nzuri, kama una kazi ya kuipa na uko karibu na mzee mwenye kombaini wa kukupigia simu. Kama unataka kuruka hewani kama wale wa kwenye kijitabu, nenda kwa watu ambao wakikuona umejaa tope wanafurahi. Ila hata hilo, ningekuwa nanunua asubuhi ya baridi ile ningenunua hilihili, na ningekuwa nanunua Jumatatu ile ningenunua punda. Fundi kijana nampa nyota zote. Kaunta sitoi hata nusu.

Ankara nimelipa. Kama kuna mdau yuko Minnesota au Wisconsin na anamjua fundi wa klachi ambaye hahusiki kabisa na mambo ya kilimo, naomba anitumie namba, kwa sababu wiki hii nimeanza tena kusikia mpira ukinuka na hawa jamaa ndio kwanza msimu wa kupanda mahindi umewafungukia.