Uzoefu wangu wa kuchangia damu Dodoma: mara ya kwanza nilirudishwa

Nianze na nyota: nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaeleza ilikopotelea.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi Majengo, hapa Dodoma mjini. Mwezi wa pili hema la kuchangia damu lilipigwa jirani na sisi, nikaacha gauni la mteja mezani nikaenda. Mama mkwe wangu, Mgogo wa Bahi, alikuwa amenionya tangu asubuhi: "Mwanangu, mumiani hawajaisha, wamebadilisha koti tu." Nilicheka, ila nilipofika pale yale makoti meupe niliyaangalia mara mbili.

Wanakupima uzito (usipungue kilo 50) na presha, wanakuuliza habari za dawa na magonjwa. Kisha wanakutoboa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kichupa chenye maji ya bluu. Damu ya kutosha huzama. Ya kwangu ilishuka kidogo, ikasita, ikapanda ikakaa juu kama kifungo. Mhudumu akasema kwa sauti ya mnadani, "Dada, wewe hufai, mwingine!" Foleni nzima ikageuka.

Nyota ilipotelea hapo. Kabla sijafika kwenye cherehani yangu habari ilishafika: fundi kakutwa na ugonjwa. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao hata sijavikata. Watu hawajui kwamba pale kidoleni hakuna anayetafuta virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo, pamoja na homa ya ini B na C na kaswende, hupimwa maabara baada ya damu kutolewa. Kidole kinaulizwa swali moja tu: damu uliyo nayo inatosha kugawa? Yaani hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu yenye madini ya chuma, isiwe chini ya gramu 12.5 kwa desilita. Basi lile "hufai" lingekuwa "damu yako iko chini kidogo, pitia zahanati", tena nikaambiwa pembeni, nisingepoteza wateja.

Zahanati nilipewa vidonge vya madini ya chuma. Mashoga zangu wao waliniletea rozela, chupa kwa chupa. Ni tamu sijakataa, lakini wekundu wa juisi hauhamii kwenye mishipa. Nilichoshauriwa ni dagaa, maini, maharage na mboga za majani, nikamulie limau, na chai nisinywe pamoja na chakula kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Fundi kula chapati bila chai! Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe, sindano si kitu.

Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, nikarudi. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita mnaujua, hema lilikuwa linapigapiga kama shuka kwenye kamba. Safari hii timu ilikuwa nyingine, wapole, na tone langu likazama moja kwa moja. Nashika sindano kutwa nzima ila ile niliikwepa macho. Iliuma kama kuchomwa na pini, ikaisha. Kilichonishangaza ni ule mpira damu inamopita: ulilala juu ya mkono wangu, na ulikuwa wa moto. Sikuwahi kufikiri damu yangu ina joto la kuhisiwa. Mililita 450, haifiki hata chupa ya maji ya nusu lita, na haikuchukua dakika kumi.

Msaidizi wangu alikuja na njaa, akidhani ni kama kupima sukari asubuhi. Akaona giza, akalazwa miguu juu, akapewa soda. Kuleni kwanza, na maji mnywe ya kutosha.

Eti ukianza kuchangia lazima uendelee, la sivyo damu inakujaa. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, kisha mwili unaishia hapo. Ndiyo maana mwanaume husubiri miezi mitatu na mwanamke minne. Na eti unanenepa: mimi futi ya kupimia iko shingoni kila siku, kiuno changu ni inchi 31 kama zamani.

Lililonikera zaidi ni lile la kwamba damu tunayotoa "wanaiuza". Jirani yangu aliniuliza, watu wanajaza mahema kila mara, mbona hospitali ndugu wa mgonjwa bado wanaombwa wakachangie? Nami nilikuwa nauliza hivyo hivyo. Damu si mahindi ya kuweka ghalani. Chembe nyekundu zikiwa kwenye jokofu hukaa siku 35, au 42 kutegemea dawa iliyo kwenye mfuko, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku tano tu. Mfuko mmoja ukitenganishwa unaweza kwenda kwa wagonjwa zaidi ya mmoja, na mama mmoja anayevuja damu wakati wa kujifungua anaweza kumaliza mifuko kadhaa usiku huo huo. Hema lililojaa Juni halimsaidii mtu wa Septemba.

Miezi yangu minne inaangukia 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Nimeiandika ukutani kwa chaki ya kukatia, juu ya cherehani. Wale wateja wawili, mmoja amekirudisha kitambaa chake. Mwingine bado.